Uwanja Chini ya Tangi

Perisi alinipigia simu asubuhi, mimi nikimwagilia mchicha nyuma ya nyumba yangu Nzuguni, na hakusalimia. Mtu aliyelelewa na Wagogo akianza maneno bila salamu, ujue kuna jambo. Alisema, "Rehema, wanatutoa pale kwenye tangi. Na wameandika ukutani kwamba tulipewa." Nikamuuliza nani anawatoa, na walipewa nini. Akasema, "Njoo usome mwenyewe. Mimi macho nimetengenezewa hospitali ya Mvumi juzijuzi, nimeyasoma yale maneno, nikadhani upasuaji umeharibika." Nilifunga bomba, nikabadilisha viatu. Nimefanya kazi ya magazeti maisha yangu yote ya utu uzima, nimeandika habari za Bunge, za mavuno na za visima vilivyozinduliwa bila maji, na katika kazi hiyo nilijizoeza kutokasirika kabla sijaona. Siku ile nilikasirika tangu Nzuguni.

Stesheni ya Mzogole iko kwenye reli ya zamani, ile inayokata nyanda za kati kuelekea magharibi. Tangu treni ya umeme ianze kupita kwenye njia yake mpya, treni za kawaida zimebaki chache, na jengo la stesheni limekabidhiwa kamati iliyolifanya makumbusho. Nitasema haki: wamelifanya vizuri. Vigae vyekundu vya paa vimerudishwa, kuta zimepakwa chokaa, benchi za mbao zimepigwa vanishi mpaka unaogopa kukaa. Binti aliyetutembeza, Anjela, msomi wa chuo kikuu pale Chimwaga, mpole, mwenye sauti ya kufundishia, alituonyesha ofisi ya stesheni masta na simu yake ya kuzungusha mkono, kengele, bendera nyekundu na ya kijani. Akatuingiza katika chumba cha kungojea cha daraja la kwanza, ambacho mimi na Perisi tulikuwa tukikichungulia dirishani tu. Kisha akatupeleka stoo ya vifurushi. Siku hizi stoo ni duka la zawadi. Wanauza bangili, vikapu, ngoma ndogo za kuning'iniza kwenye funguo. Perisi alisimama mlangoni akakataa kuingia. "Ingia tu, bibi, hakuna kiingilio," Anjela akamwambia. Perisi akajibu, "Najua. Hata mwaka ule niliingia bure. Kutoka ndiko kulikokuwa na gharama." Anjela alicheka kwa adabu. Hakujua anacheka nini.

Maneno ambayo Perisi aliniitia yalikuwa kwenye ubao mkubwa, nje, ukutani upande wa tangi la maji. Niliyasoma mara mbili. Yalisema kwamba zamani stesheni masta mmoja mwenye moyo wa huruma aliwapatia akina mama wa kijiji eneo chini ya tangi ili wajipatie riziki kwa kuwauzia abiria chakula, na kwamba ukarimu huo umeendelea kuwa fahari ya Mzogole. Pembeni kuna picha ya jukwaa lililojaa wanawake na sahani. Nilimtambua mama yake Perisi, mgongo tu, kwa namna anavyofunga kanga. Nikamuuliza Anjela nani ameandika. "Imepitishwa na kamati, mama." Nikauliza kamati iliongea na nani. Akatuelekeza kwa mwenyekiti. Mbele yetu, hatua chache kutoka kwenye ubao unaosifia ukarimu, banda la Perisi na wenzake wanne lilikuwa limechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Pale patakuwa maegesho ya magari ya wageni.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Sospeter, alitupokea ofisini kwake kwa heshima zote. Aliniamkia shikamoo, akamwamkia Perisi, akaagiza soda. Nilimwambia kwamba ule ubao una uongo. Akasema historia ina tafsiri nyingi. Nikamwambia hii haina tafsiri, ina mashahidi, na mmoja amekaa mbele yake anakunywa soda yake. Akatabasamu, akanieleza jambo ambalo, kwa haki yake, hakulificha. "Mama yangu, akina mama hawa wangekuwa wameingia pale kwa makubaliano, kamati ingelazimika kuwatafutia mahali pengine kabla ya kuwaondoa, na kuwalipa. Lakini kilichotolewa kwa hisani hakina fidia. Hisani ina mwisho wake." Perisi akaweka chupa chini. "Kwa hiyo huruma ya yule bwana ndiyo inayonitoa," akasema. Basi nikaelewa kwamba ule ubao haukuwa kosa la mtu asiyejua. Na kwa kuwa kamati imeamua kusimulia mwaka ule kwa herufi nzuri, mimi nitausimulia kwa hizi zangu.

Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati wa foleni za sabuni na wa kuazimana sukari kwa kikombe cha kahawa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Kilichonipeleka kwa Mama Perisi ni habari ya ukoo wangu na haina nafasi hapa; inatosha kwamba nilishuka Mzogole na begi moja na godoro lililofungwa kamba, nikakaa mwaka. Nyumba yake ilikuwa tembe, paa la udongo lililo tambarare, mlango mfupi kiasi kwamba hata mwenye kiburi aliingia ameinama. Mimi na Perisi tulilala chumba cha pembeni. Ukutani palining'inia kibuyu cha samli, pembeni ghala la mtama lililosukwa kwa fito, na nyuma ya ukuta mbuzi walikuwa wakikohoa kama wazee wa baraza. Harufu ya chumba kile ilikuwa moshi, samli na ngozi. Miaka mingi baadaye, nikiwa hotelini Dar es Salaam kwenye mashuka meupe, nimewahi kukosa usingizi kwa kuikumbuka. Asubuhi Mama Perisi aliingia kutuamsha kwa salamu ya kwao, "Mbukwenyi," na kabla hatujajibu alikuwa ameshatupa kazi. Kuku wa kunyonyoa, karanga za kukaanga, uwele wa kupepeta. Perisi alikuwa amenizidi miaka michache na alikuwa na mdomo. "Mtazameni msomi," alikuwa akiwaambia wenzake, "anasonga ugali kama anaandika insha. Dada, weka nukta hapo, unaungua."

Treni zilikuwa zikisimama Mzogole muda mrefu, kwa sababu njia ni moja na pale ndipo zilipopishana, hivyo ile inayokwenda magharibi iliisubiri ile inayotoka. Muda huo ndio ulikuwa maisha ya kijiji. Kila mwanamke alikuwa na behewa lake, na mahali pake pa kusimama jukwaani palijulikana kama mtu ajuavyo kiti chake kanisani. Tulipika nje ya ukuta, kando ya reli, tukapitisha chakula madirishani: wali na kuku, ugali wa uwele na mlenda, maziwa ya mgando, zabibu zikiwa msimu wake. Chakula kilikwenda kwenye sahani za bati, na hapo ndipo palipokuwa na utaratibu ambao sijauona mahali pengine. Abiria wengi hawakumaliza kula kabla ya filimbi. Treni iliondoka na sahani zetu. Hakuna aliyepiga kelele. Stesheni ya mbele, upande wa magharibi, wanawake wa kule walizikusanya madirishani, wakaziosha, wakazipanga, wakampa gadi wa treni inayorudi, naye akazishusha kwetu. Na zao zilizoachwa kwetu tulizirudisha vivyo hivyo. Miaka ile sahani ya bati ilikuwa haipatikani dukani hata kwa kubembeleza, na bado hazikupotea.

Kila mmoja alikuwa na alama yake. Sahani za Mama Perisi zilitobolewa tundu dogo ukingoni kwa msumari. Za Mama Hawa, mkubwa wa wanawake wa stesheni ya mbele, zilikuwa na mistari miwili ya rangi ya bluu chini ya kitako. Nilikuwa sijawahi kumwona Mama Hawa, wala Mama Perisi hakuwa ameonana naye zaidi ya mara moja, lakini tulimzungumza kama jirani. "Mama Hawa sabuni imemwishia, ona sahani zimerudi zimesuguliwa kwa majivu." "Mama Hawa leo kakasirika, kazipanga ovyo." Wakati mwingine katikati ya sahani zake tulikuta chumvi imefungwa kwenye karatasi, nasi tukamrudishia karanga. Sahani husafiri zikiangalia juu. Ilipokuja sahani imegeuzwa kifudifudi na kufungwa kwa kipande cha kanga, maana yake ni msiba. Ilikuja mara moja kabla sijafika, mume wa Mama Hawa alipofariki, na Mama Perisi alipanda treni ya kwanza akiwa na ndoo ya unga kichwani. Hiyo ndiyo mara yao moja ya kuonana.

Stesheni masta mpya alikuja baada ya mavuno, na mavuno yalikuwa mabaya. Alikuwa mtu wa suruali iliyonyooka. Sikumchukia mwanzoni, alitaka jukwaa safi, na jukwaa lilikuwa chafu kweli. Lakini baada ya muda mfupi mkewe akaanza kuuza chai na mandazi kwenye chumba cha daraja la kwanza, na hapo usafi ukawa na maana nyingine. Tulikatazwa kupika kando ya reli. Tukasogea. Tukakatazwa tuliposogea. Kisha likaja lililotuumiza. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi chini ya dirisha la ofisi yake nikichambua mchele, dirisha likiwa wazi kwa joto, nikamsikia akimwambia gadi, "Hizi sahani unazoshusha zina tiketi?" Gadi, mzee mmoja mchekeshaji, akajibu, "Bwana, sahani hailipi nauli, haina makalio." Masta hakucheka. "Mzigo usio na hati ni mzigo usio na mwenyewe. Unaingia stoo." Gadi akasema, "Wenyewe si wale pale, wanakuangalia." "Wana risiti?" Nikasikia mlango wa stoo ukifunguliwa, na sahani zikitupwa sakafuni moja baada ya nyingine. Hiyo sauti ya bati kwenye saruji bado ninayo.

Kila treni iliyorudi ilipeleka sahani stoo. Mwanamke aliyekuwa na sahani kumi na mbili akabaki na tano, kisha mbili, kisha akawa anauza ugali kwenye majani ya mnyonyo, na abiria wanacheka. Mama Perisi alikwenda ofisini kuomba. Alisimama mlangoni, hakukaribishwa kiti, akajibiwa kwamba alete hati. Akarudi nyumbani akakaa kwenye kigoda. Perisi akamwambia, "Mama, unaomba chako?" Mama yake akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Mwenye stesheni ni yule." Perisi akasema, "Mwenye stesheni, sawa. Mwenye sahani?"

Siku iliyofuata, mchana kweupe, mlango wa stoo ukiwa wazi kwa sababu wanapakua magunia, Perisi aliingia, akapanga sahani zote alizoziona zina alama, za mama yake na za wenzake na za Mama Hawa pia, akaziweka kichwani, akatoka taratibu kama mtu anayetoka kisimani. Hakukimbia. Stesheni masta alimkuta katikati ya jukwaa. Alimshika mkono wa kushoto akauzungusha nyuma, sahani zikaanguka zikaenda zikibingirika mpaka relini, na wote tuliokuwepo tulisikia mkono ulivyolia. Ninaandika "mkono" na ninasimama kidogo, kwa sababu mkono huo haukunyooka tena. Hadi leo Perisi akishika mwiko kwa mkono wa kulia, wa kushoto unakaa umekunjwa tumboni kama wa mtu anayesikia baridi. Masta alimburura akamfungia stoo, sahani zikaokotwa na kurudishwa humo, akatangaza kwamba mwizi atakaa humo mpaka askari aje na treni ya kesho kutoka mjini. Huyo ndiye mwenye moyo wa huruma.

Mama Perisi alimaliza kunyonyoa kuku aliyekuwa mkononi. Nilimwona kwa macho yangu, unyoya hadi unyoya. Kisha akaosha mikono, akachukua sahani moja iliyobaki, akaigeuza kifudifudi, akachana kipande cha kanga yake mwenyewe akaifunga, akampa gadi wa treni ya magharibi iliyokuwa inaondoka. Alichotaka kumwambia Mama Hawa ni hiki tu: huku kumeharibika, msitume sahani zaidi. Lakini hatukuwa na alama ya kifungo. Hatukuwa na alama ya dhuluma. Kwa habari mbaya tulikuwa na alama moja tu, ya msiba, na ndiyo aliyoituma. Gadi alipoulizwa kule ni msiba wa nani, treni ilikuwa imeanza kuondoka, alichowahi kusema ni "Perisi."

Basi asubuhi treni ya kutoka magharibi ilipoingia Mzogole, tuliisikia kabla haijasimama. Mabehewa mawili ya mwisho yalikuwa yanalia. Walishuka wanawake wa stesheni ya mbele wote, wenye vibanda na wasio navyo, unga kwenye ndoo, kuni vichwani, beberu mmoja akiburuzwa kamba, na mbele yao mwanamke mfupi mnene aliyevaa kaniki, analia kwa sauti ya kuamsha mlima. Hivyo ndivyo nilivyomwona Mama Hawa kwa mara ya kwanza. Akamkumbatia Mama Perisi. "Dada yangu, mtoto yuko wapi?" Mama Perisi, aliyekuwa ameshaanza kuelewa kosa lake lakini machozi yamemziba, akanyoosha kidole kwenye mlango wa stoo. Kilio kikapanda. Wakaketi wote chini, miguu imenyooka, mbele ya mlango ule, wakamlilia. Walimsifu. Walisema alikuwa na mikono myepesi na nidhamu, na hilo la nidhamu ndilo lililomshinda mtu wa ndani. Kwenye nondo za kidirisha ikatokea sauti: "Jamani, nani amekufa?"

Mama Hawa akanyamaza. "Nani anaongea?"

"Perisi."

"Perisi yupi?"

"Huyo mnayemlilia!"

Nilicheka. Nakiri nilicheka, na wengine walicheka, na hata leo mimi na Perisi tukikutana tunalicheka hilo. Mama Hawa hakucheka. Alisimama, akasogea dirishani, akautazama mkono wa Perisi ulivyovimba, akazitazama sahani zilizorundikwa humo stoo, zenye mistari yake ya bluu zikiwemo. Kisha akarudi akakaa chini pale pale. "Sisi tumekuja msibani," akasema kwa sauti ya kawaida. "Tumeaga waume zetu. Haturudi na unga." Akavuta pumzi akaanza kulia upya, kwa nguvu kuliko mwanzo, na wote wakamfuata.

Treni ya kutoka mjini ikaingia wakati huohuo, kwa sababu pale ndipo zinapopishana. Treni mbili zimesimama, madirisha yote yamejaa vichwa, na katikati yake kuna kilio. "Kuna nini?" "Stesheni masta kaua binti wa watu." "Kamfungia stoo!" Neno lilikwenda behewa hadi behewa, likifika mwisho binti amekuwa mjamzito. Watu walianza kushuka. Askari aliyeitwa kumkamata mwizi alishuka naye, kofia mkononi, akauliza kwa upole, "Maiti iko wapi?" Stesheni masta alitoka mbio na funguo mkononi. "Hakuna maiti! Mzima huyu! Mwone!" Akafungua mlango mwenyewe. Perisi akatoka nje, nywele zimejaa vumbi la magunia, ameshika mkono wake. Askari akamtazama, akamtazama masta. "Kosa lake?" "Ameiba sahani." "Za nani?" Mama Hawa aliingia stoo, akatoka na sahani, akaigeuza askari aone mistari. Akaiweka chini. Mama Perisi akatoka na ya kwake, kidole kikipita tunduni. Kila mwanamke, mmoja mmoja, aliingia, akatoka, akageuza, akaweka. Ilichukua muda, na treni mbili zilisubiri. Mwishoni askari akasema, "Bwana, wewe ndiye uliyefungia vyombo vya watu," na akavaa kofia yake.

Tungeishia hapo tungekuwa tumepata sahani tu. Mama Hawa ndiye aliyekataa kuinuka. Alisema hawaondoki jukwaani mpaka waambiwe wenzao watapikia wapi, mahali ambapo hawatafukuzwa kesho. Madereva wa treni zote mbili walikuwa wameshuka wanasikiliza. Simu ya ofisini ilikuwa inalia bila kupokewa. Stesheni masta alifuta jasho, akasema kwa sauti ndogo kwamba pale chini ya tangi la maji papo wazi, wapike pale, hakuna atakayewagusa. Mama Perisi, ambaye juzi yake alikuwa akiomba akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Sema tena, baba. Treni ya pili haijasikia." Akasema tena, kwa sauti. Treni zote mbili zikapiga makofi. Ule unga wa msiba ulisongwa chini ya tangi mchana uleule, beberu akachinjwa, na askari alikula akaongezwa.

Kwa hiyo tulipewa? Nimeandika maisha yangu yote na ninajua kwamba uongo mbaya kuliko wote ni ule unaokusifu. Ubao wa Mzogole hauwatukani wanawake wale. Unawashukuru, na kwa shukrani hiyo unawanyang'anya. Matokeo yangu yalipotoka niliondoka, nikasoma, nikawa mtu wa kalamu. Lakini ulionifundisha kazi ni mwaka ule: kukaa chini ya dirisha lililo wazi, kutazama alama chini ya sahani, na kumtaka mkubwa arudie alichosema mpaka treni ya pili isikie. Mama Perisi na Mama Hawa wamelala makaburini. Gadi pia. Tumebaki Perisi na mimi, na hilo ndilo Bwana Sospeter alilolitegemea.

Tulikwenda kwake mara ya pili na mara ya tatu. Nilimpelekea simulizi hii yote kwa mdomo, kwa mpangilio, Perisi akinisahihisha. Akasikiliza mpaka mwisho. "Mna karatasi?" Nikamwambia tulikuwa na treni mbili za mashahidi. "Abiria, mama yangu, walishashuka," akasema. Nilimwambia abadilishe sentensi moja tu, aondoe huruma aweke makubaliano. Akasema, bila haya, kwamba sentensi hiyo ni ghali. Kisha akatoa lile jibu ambalo nimelinukuu mara nyingi katika kazi yangu kuliko jibu lingine lolote la nchi hii: "Tutalifanyia kazi." Greda lilikuja kabla ya uzinduzi rasmi wa makumbusho. Lilisukuma banda la Perisi na wenzake, mabati yakakunjwa kama karatasi, udongo wa chini ya tangi uliokuwa mweusi kwa majivu ya miaka yote hiyo ukafunikwa kokoto. Perisi alisimama pembeni na sufuria zake. Nilitaka apige kelele, nikamwambia hivyo. Akasema, "Kelele ya nini, hata treni haipo."

Siku ya uzinduzi alivaa vizuri, na wenzake pia, sare ya kitenge waliyojinunulia. Walialikwa. Walipangiwa viti mstari wa mbele, chini ya turubai, ili kamera ziwaone. Mgeni rasmi alikuja kwa msafara, magari yakaegeshwa kwenye kokoto mpya chini ya tangi. Bwana Sospeter alisoma hotuba, akafika kwenye stesheni masta mwenye moyo wa huruma, akainua macho kidogo akatutazama, akaendelea. Mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Na sasa, kwa heshima ya ukarimu huo, akina mama wa Mzogole, vigelegele!"

Hakuna kilichosikika. Mshereheshaji akacheka. "Akina mama mmesinzia? Vigelegele!" Turubai lilikuwa linapigwa na upepo. Wanawake watano wa mbele walikuwa wamekaa, wanamtazama machoni. Kisha nikaona jambo ambalo hakuna aliyelipanga: wanawake wa nyuma, wa kijiji, hata wale wasiouza chochote, hata mabinti wa shule, nao midomo imefungwa. Hakuna sherehe niliyowahi kuhudhuria katika mkoa huu ikakosa kigelegele. Mgeni rasmi alikohoa. Mshereheshaji akajaribu kupiga kimoja mwenyewe, kwa sauti ya kiume, kikamfia mdomoni.

Shughuli ilipokwisha Bwana Sospeter alitujia akitembea haraka. "Bibi Perisi, umetuaibisha mbele ya wageni."

"Bado," Perisi akasema.

Akainuka. Treni ya kawaida, moja ya zile chache, ilikuwa inakaribia, tulikuwa tumeshaisikia. Alichukua mafiga yake kutoka nyuma ya turubai, moja moja kwa mkono wake mzima, akayapanga kwenye kokoto chini ya tangi, nyuma kabisa ya gari la mgeni rasmi. Wenzake wakapanga ya kwao nyuma ya magari mengine. Kuni zikaja. Sufuria zikaja, za wali. Dereva wa mgeni rasmi alishusha kioo, akatoa kichwa, akautazama moto ukiwaka karibu na bampa lake.

"Mama, shikamoo. Sasa mimi nitatokaje?"

"Marahaba, baba," Perisi akamjibu, akikoleza moto. "Utasubiri uive, kama abiria wengine."